Zamu Iliyokabidhiwa Ngazini

Kazi yangu ni kufukuza mbuzi kwenye njia ya ndege. Cheka ukitaka. Shemeji zangu wa Sangailu hucheka kila Idi: mtoto wa wafugaji analipwa mshahara kuwafukuza mbuzi wa watu! Lakini uzio wa uwanja wetu mdogo hapa Garissa umetobolewa kila upande, na mbuzi mmoja anatosha kuipindua ndege.

Jumatatu ile, kabla ya adhuhuri, niliomba ruhusa mnarani kwa redio. Dekow, mwongoza ndege wetu mkongwe, akanikubalia. Nikaegesha pikapu pembeni, nikashuka kwenda kuwaondoa mbuzi watano waliolala katikati ya lami. Redio niliiacha kitini, ingawa kanuni inasema niivae kifuani. Nakiri hilo mapema msije mkanidhania malaika.

Nikasikia ngurumo. Ndege ilikuwa imeshashusha magurudumu, inanijia mimi. Hata shahada sikuikumbuka. Nilijitupa mchangani, rubani akaipandisha ndege, upepo wake ukaniondolea kofia. Mbuzi walitimua mbio wenyewe, washenzi wale. Rubani alizunguka, akatua salama, akalalamika kuhusu mbuzi na mchungaji wao. Mchungaji ndiye mimi.

Ilhan, binti aliyeiruhusu ndege itue, alishuka mnarani peku, analia.

"Walahi Yakub, sikujua uko ndani! Adeer Dekow alikuwa anashuka kwenda kuswali, mimi napanda kushika zamu, tukakutana kwa ngazi. Akaniambia hakuna kitu kwa lami."

"Si mnatakiwa kukaa kwa meza wote wawili, msomeane nani yuko wapi?"

"Nilitaka kumwambia turudi juu. Nikaona haya. Ni kama baba yangu."

Nilikuwa nimejaa matusi, yote yakanitoka kichwani. Nani kati yetu angemrudisha ngazini mzee tunayemwita adeer, yaani ami, tena anayewahi swala? Ilhan alikuwa amebakiza siku kumi na tisa tu za majaribio aajiriwe kabisa, na wadogo zake watatu kule Masalani wanasoma kwa mkono wake. Jambo hili likiandikwa, huenda kazi ikamponyoka. Nilimwambia anyamaze kulia.

Kesho yake Dekow alikuja kwangu na Ilhan, na mbuzi wa kuchinja.

"Warya Yakub, mambo hii tumalize hapa hapa, maslaha."

Maslaha ndiyo desturi yetu: mkosaji huchinja, mkosewa husamehe, na jambo halitajwi tena. Mimi naipenda. Imenipatanisha na majirani wawili na shemeji mmoja mkorofi. Tuliketi kwenye mkeka kula, nikawasamehe wote wawili, na nilisamehe kwa moyo wangu wote. Dekow akafuta macho kwa ncha ya kilemba.

"Allah akulinde. Hata Mowlid alinisamehe hivi hivi, mwaka juzi."

Mkono wangu ulibaki sahanini. Mowlid ndiye aliyeendesha pikapu ile kabla yangu. Aliacha kazi akisema mgongo unamuuma.

"Mowlid alikusamehe nini?"

"Ni mambo ya zamani," Dekow akasema.

"Ni ngazi ile ile?" nikauliza.

"Haa," akasema polepole. "Ile ile."

Hapo nilikasirika kuliko nilipokuwa mchangani. Miaka miwili nimesimama mahali alipokoswakoswa Mowlid, na hakuna aliyenionya, kwa kuwa jambo lilikwisha kusamehewa.

Ilhan alinyanyuka, akanawa mikono, akatoa fomu ya ripoti kwenye mkoba. Kumbe alitembea nayo tangu jana.

"Naandika."

"Abaayo, dada yangu, siku kumi na tisa tu!" Dekow alisema.

"Najua, adeer. Lakini baada ya Yakub atakuja dereva mwingine."

Aliandika kosa lake bila kulipaka sukari, kisha nikaomba kalamu nikaandika la redio. Dekow alitoka uani. Tulidhani amekwenda zake. Akarudi, akaketi, akaandika mawili: la Jumatatu na la Mowlid.

Ilhan hakufukuzwa. Waliokuja kuchunguza walimwongezea miezi sita ya majaribio, akalia tena, nami nikawalaani wakubwa hao hadi mke wangu akaniambia basi. Hatujui mwisho wake utakuwaje. Anahesabu siku upya, na mimi namhesabia.

Leo mchana nilikuwa njiani na mbuzi wanne. Redio ikaita kifuani.

"Yakub, uko wapi?"

"Mwisho wa lami, upande wa mto. Mbuzi wanne."

Nyuma ya sauti ya Ilhan nikamsikia mzee akisoma taratibu: "Yakub, mwisho wa lami, mbuzi wanne. Umemwona kwa macho?"

"Nimemwona, adeer."

Adhana ilikuwa imeshakwisha. Dekow alikuwa bado mezani.