Kipande cha Chini

"Mashine yangu haijawahi kumsingizia mtu!" Dastan alitamba mbele ya mwenyekiti wa mtaa, kifua mbele, utadhani ndiye aliyeiunda. Kumbe ni programu ya kutambua sura aliyoipakua kwenye simu Jumatatu, na leo ilikuwa Jumamosi.

Jana yake, saa tisa mchana, magunia mawili ya kahawa yaliibwa ghalani hapo Hamugembe. Kamera ikamnasa mwizi. Dastan akailisha programu sura ile, pamoja na picha za wanamtaa alizozoa kwenye harusi na ubatizo, nayo ikamtaja Kyaruzi, fundi baiskeli. Karatasi ilikuwa mezani: picha mbili, jina moja. Kilichobaki ni mwenyekiti, Mzee Mushumbusi, kuwapigia polisi waje kumchukua.

Kyaruzi aliketi kwenye benchi, kofia imemfika masikioni.

"Waitu, mwenyekiti wetu, si mimi."

"Wezi wote husema hivyo," Dastan akadakia. "Kompyuta haina shemeji, bwana."

Kyaruzi akavua kofia. Kichwa kiling'aa kama yai. "Jumatano tulimzika baba kule Muleba, tukanyolewa wanawe wote. Huyo wa jana ana msitu kichwani."

Nusu ya mtaa ilikwenda kwenye msiba ule. Dastan alisingizia tumbo, akabaki nyumbani anaichezea mashine.

"Ungekuja kukaa na wenzako kwenye majani ya matanga," Mzee Mushumbusi akasema taratibu, "usingehitaji kuiuliza simu." Akaisukuma simu yake pembeni. "Ila nijibu, kijana wangu. Yenyewe ilikuwa na uhakika? Haikutoa tahadhari?"

Dastan akatazama paa. Jibu la kweli lilimfika kwenye ulimi, likageuka.

"Haikutoa, mzee. Mashine ndiyo imeniangusha."

"Hodi!" Alikuwa Adventina wa duka la kuchapisha, ameshika flashi. "Kaka Dastan, umeisahau." Akaiona karatasi mezani. "Ee, na kile kipande cha chini?"

"Kipande gani?"

"Si uliniambia nikikate kwa mkasi, ati kinachafua karatasi? Ninacho, nimeandika namba ya mteja nyuma yake." Akakitoa mfukoni, akakigeuza, akasoma kwa sauti ya shuleni: "Mfanano asilimia hamsini na nane. Asikamatwe mtu kabla binadamu hajahakiki."

Kyaruzi akanyoosha mkono.

"Nipe na mimi nikisome," akasema, macho hayabanduki usoni pa Dastan.