Wimbo wa Mama kwenye Tangazo la Dawa ya Choo

Jirani yetu mshona nguo anadai alimsikia marehemu mama akiimba kwenye tangazo la dawa ya choo, mpaka akajidunga sindano ya kushonea kidoleni. Nilidhani anatia chumvi kama kawaida yake. Akanipa simu nione. Brashi inazunguka kwenye sinki la choo, maji ya buluu yanaporomoka, na mama anaimba ule wimbo wa kumbembelezea mdogo wangu, na kikohozi chake kimo.

Nilimrekodi mimi mwenyewe akiwa mgonjwa kitandani, na wimbo nilimpa mtu mmoja tu: mume wa dada, anayetengeneza video za mfano na kuziuza mtandaoni, ili mnunuzi abadilishe picha na maneno, aweke ya tangazo lake.

Nilimkuta kwenye kompyuta, anatafuna karanga.

"Shemeji, si ulisema wimbo ni wa kuonjesha tu, mnunuzi hapewi?"

"Nilisahau kuutoa nilipofungasha faili za mnunuzi. Kwani kuna ubaya gani? Mama anasikika dunia nzima!"

"Anasikika chooni."

Akacheka, makombo ya karanga yakarukia kioo.

Nikasimama nyuma yake, nikasoma polepole ukurasa wa mtandao anakouzia ile video. Palipoulizwa muziki ni wa nani, alikuwa amejaza: wangu mwenyewe, ruhusa kwa matumizi yote. Mtu ambaye hakuwahi kumshikia mama hata beseni la kutapikia.

"Shemeji, naomba uifute hiyo video sasa hivi, mbele yangu, na uwaandikie wenye mtandao na mnunuzi kwamba sauti si yako."

Akajifuta mdomo kwa kiganja, akavaa hedifoni, akafungua video ya harusi.