Visinia Thelathini na Sita

Mtaani walimwita Pasi. Majirani walipomwona mara ya kwanza amesimama dirishani na mashine ya hewa moto mkononi, akiipitisha taratibu juu ya ubao, walidhani anaupiga ubao pasi, na jina likamganda. Hakulichukia. "Bora Pasi kuliko Kaa la Moto," alisema wifi yake, dada wa mumewe, aliyekuwa akimsaidia kazi na ambaye hakuwahi kukosa la kusema.

Kazi yenyewe ukiitazama ni ndogo. Unabandika kiolezo juu ya ubao, ile plastiki nyembamba iliyokatwa umbo la ndege au la jani. Unapaka krimu ya kuunguzia kwa kipande cha kadi, unabandua kiolezo, unaacha ikauke. Ikikauka huoni kitu, ubao uko vilevile kama haujaguswa. Kisha unaelekeza hewa moto. Mwanzoni kimya. Halafu rangi ya kahawia inachomoza, inakolea, inakuwa nyeusi, na pale palipokuwa patupu amesimama jogoo na mkia wake umepinda. Pasi aliifanya kazi hiyo miaka sita na bado kila jogoo akitokea alitabasamu.

Mwaka ule shule ya chekechea ya mtaa wa pili iliagiza visinia thelathini na sita vya mbao, kila mtoto na mnyama wake, ili wasigombanie vyombo wakati wa kula. Mbao nzuri zilikuwa zimeadimika. Mumewe, aliyekuwa seremala, alizunguka siku tatu bila kitu, na siku ya nne akaja na mkokoteni umejaa mbao ndefu, kavu na nzito, zilizotoka kwenye uzio wa ghala lililobomolewa.

"Miaka ishirini kwenye mvua na jua," alisema akizigonga kwa ngumi, "hazina hata tobo moja la mchwa."

"Mchwa wenyewe wamezikimbia," wifi akacheka.

Kwa nje zilikuwa na ukijani uliofifia. Seremala alizipiga randa uani siku nzima, akarudia tena siku ya pili, mpaka kijani kikaisha na mbao zikawa na rangi ya asali. Maranda aliyafagia kila jioni akayachoma kwenye shimo la taka nyuma ya nyumba. Pasi alikata visinia, akavipiga msasa na kuviringisha kingo ili visiwaumize watoto midomo, kisha akaanza kuunguza.

Siku hiyohiyo wifi aliinua pua. "Nani anakaanga kitunguu saumu saa hizi?"

Walichungulia jikoni kwao. Walichungulia kwa jirani. Hakuna aliyekuwa anakaanga kitu. Pasi alizima mashine, harufu ikapungua. Akaiwasha tena juu ya sungura aliyekuwa nusu, harufu ikarudi.

"Labda krimu imeisha muda," alisema.

"Kama imeisha muda, mbona sungura katoka vizuri hivyo?"

Wakaendelea. Kazi ilikuwa na tarehe yake na shule ilikuwa inasubiri. Tembo, kobe, bata, punda. Siku ya tatu Pasi aliamka na ladha mdomoni kama ameng'ata ufunguo. Siku ya tano ncha za vidole zilianza kumwasha, kisha zikawa kama si zake. Wifi naye alianza kutapika asubuhi, na jirani mmoja akauliza kwa sauti ya chini kama kuna habari njema.

"Mimba ya nani?" wifi alimjibu huku ameshika ukuta. "Ya mbao?"

Seremala alisimama mlangoni akimtazama dada yake anavyotapika. "Mmekula nini jana?" aliuliza, na kabla hajajibiwa alikuwa amesharudi uani.

Visinia vilikamilika vikapelekwa. Watoto walivipokea kwa kelele, kila mmoja akimtafuta mnyama wake, na mwalimu mkuu akampa Pasi mkono kwa mikono miwili. Siku tano baadaye mbuzi wa jirani akafa.

Alikuwa na tabia ya kupenya kwenye ua wao na kulamba majivu kwenye lile shimo. Alilamba kwa hamu, kama amepewa chumvi. Alilala siku moja akitetemeka miguu, na ya pili hakuamka. Jirani alikuja amefura, yuko tayari kwa ugomvi. Lakini seremala, mtu wa kubishana hata juu ya msumari uliopinda, alimsikiliza kimya, akaingia ndani, akatoka na bei kamili ya mbuzi. Hakutaka hata kupunguziwa. Pasi aliyaona hayo kutoka dirishani. Alimjua mume wake. Huyu aliyesimama uani akilipa bila neno hakumjua.

Hakumuuliza. Kwa siku tatu alikuwa akimtazama tu: anavyokula kwa haraka, anavyoosha mikono mara mbili, anavyolala amegeukia ukuta. Siku ya nne, mumewe alipotoka kwenda dukani, Pasi alichukua kipande cha ubao wa zamani, kibao cha kukatia mkate alichokuwa nacho tangu aolewe. Akapaka krimu ileile, akaiunguza. Ikanuka sukari iliyoungua, harufu aliyoizoea miaka sita. Kisha akachukua kipande kilichobaki cha mbao za uzio, hakukipaka kitu chochote, akakielekezea hewa moto tupu.

Kitunguu saumu kikajaa chumbani.

Alifungua dirisha, akakitia kipande kile kwenye mfuko wa plastiki na kwenda kwenye yadi ya mbao, barabara ya nyuma. Mwenye yadi alikuwa mama wa makamo aliyevaa buti za mvua hata wakati wa kiangazi. Alikigeuza kipande mara moja tu, akatazama ule upande ambao randa haikufika.

"Hii ni mbao ya dawa, mwanangu," alisema. "Dawa ya mchwa. Wanazishindilia dawa mpaka kwenye moyo. Nguzo sawa, uzio sawa. Lakini haichomwi, na haiwekewi chakula."

"Ukiipiga randa je?"

"Dawa haiko kwenye ngozi, iko ndani." Mama akamrudishia kipande na kujifuta mikono kwenye nguo. "Lakini mbona nilishamweleza mumeo? Alikuja hapa na ubao kama huu, mwezi umepita. Nikamwambia kama ninavyokwambia wewe."

Pasi alimshukuru. Hakukumbuka baadaye alirudi nyumbani kwa njia gani. Alimkuta mumewe uani anapanga mbao zilizobaki, tano juu ya tano.

"Ulijua," alisema.

Mumewe hakuuliza alijua nini. Aliweka chini ubao aliokuwa ameubeba. "Nilijua zina dawa. Nikasema dawa iko juu. Ndiyo maana nikapiga randa mara mbili."

"Uliambiwa iko ndani."

"Watu wa yadi wanataka ununue za kwao. Nilidhani maneno ya biashara."

"Na dada yako alipotapika?"

"Nilisema ni chakula."

"Na mbuzi?"

Seremala alikaa juu ya mbao. Alikuwa mtu mkubwa na alionekana mdogo. "Mbuzi ndipo nilipojua," alisema.

"Siku nne. Siku nne watoto wanakula pale, na wewe unajua."

"Nilikuwa natafuta namna ya kukwambia."

"Namna ipi? Mdomo unao!"

Wifi alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha maji. Alikuwa amesikia yote. Aliyamwaga yale maji chini, akavaa viatu. "Twende," alimwambia Pasi. "Saa nne wanakula."

Walikimbia. Walipofika, watoto walikuwa wamekaa kwenye mikeka, kila mmoja na kipande cha mkate juu ya mnyama wake. Mmoja alikuwa amemaliza na sasa analamba asali iliyobaki mgongoni mwa tembo. Mwalimu mkuu alikuja akitabasamu, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba.

"Mwalimu," Pasi alisema, pumzi zinamkata, "nakuomba wanyang'anye visinia. Sasa hivi. Nitakueleza wakishaacha kula."

Mwalimu alimtazama usoni, akamtazama wifi, na tabasamu likafutika. Alipiga makofi, akapita mkeka kwa mkeka akikusanya. Watoto wakalia. Yule wa tembo alikishika kisinia chake kwa mikono miwili na ikabidi wifi amwachanishe kidole kimoja kimoja. Kisha Pasi akaeleza, amesimama katikati ya kile kilio, na hakuficha hata la mumewe.

Walihesabu. Vilikuwa thelathini na vitano.

"Kobe," mwalimu alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Yule mdogo wa kobe alikuwa hali bila kisinia chake, mama yake akaomba awe anakwenda nacho nyumbani. Leo siku ya pili hajaja. Wanasema tumbo."

Nyumba ilikuwa ya tatu baada ya kona. Mama wa mtoto alikuwa barazani anashona, na alipomwona Pasi uso ukamchangamka.

"Karibu! Si ndiye fundi mwenyewe! Mwanangu, njoo uone nani kaja." Kisha akapunguza sauti. "Tangu juzi anaumwa, maskini. Kitu pekee anachotaka ni hicho kisinia chako. Anakula nacho, analala nacho."

Mtoto alikuwa amelala kwenye mkeka chumbani, midomo imekauka, amekikumbatia kifuani. Pasi alipiga magoti. Ukingo ule alioulainisha kwa msasa ulikuwa umejaa alama ndogondogo za meno, umeng'atwa mzunguko mzima, mpaka miguu ya kobe ikaliwa.

Hospitalini daktari alimsikiliza Pasi mpaka mwisho, akakitia kisinia ndani ya mfuko na kuufunga. Mtoto alilazwa siku kumi na moja. Siku ya tatu walidhani hafiki asubuhi. Pasi alikuwa kwenye benchi la korido na mama wa mtoto alipita mbele yake mara nne kwenda kuchota maji, na mara zote nne hakumtazama. Mtoto alipona. Alitoka amebebwa, amekonda, nywele zinamdondoka, lakini alitoka. Watoto wengine walipimwa wote. Saba walikutwa na sumu mwilini, kidogo, na wakapangiwa kurudi kila mwezi.

Wifi alipata nafuu. Vidole vya Pasi havikurudi. Daktari alisema huenda vikarudi, huenda visirudi. Alijaribu mara moja kupaka krimu, akaunguza kidole gumba mpaka malengelenge bila kujua, akaweka mashine chini.

Seremala aliitwa kuhojiwa na hakukana kitu. Wanangoja siku ya kesi. Nyumbani alihamia chumba cha zana. Dada yake alihamia chumbani kwa Pasi. "Ndugu yangu ni ndugu yangu," alisema akitandika, "lakini mapafu ni yangu."

Afisa wa afya alikuja kuziona mbao zilizobaki uani. Zilikuwa kumi na tisa. Aliamuru zifunikwe kwa turubai mpaka lori maalumu lije kuzichukua Jumatatu, na Pasi aliandika neno SUMU kwa rangi nyekundu juu ya kila moja. Jumatatu lori halikuja. Jumanne halikuja. Jumatano asubuhi alitoka kwenda kufagia, akalikuta turubai limekunjwa vizuri, kona kwa kona, limewekwa juu ya tofali. Pale uani hapakubaki hata ubao mmoja.

"Si mimi," mumewe alisema kutoka mlango wa chumba cha zana, na Pasi aliona rangi yake ilivyobadilika, akamwamini. Wote watatu walisimama wakilitazama turubai. Rangi nyekundu ilikuwa upande mmoja tu wa kila ubao. Mtu yeyote mwenye randa angeimaliza kwa asubuhi moja.

Tangu hapo Pasi na wifi yake wanatembea. Wanaanzia mtaa wa kwao na kwenda mbele, nyumba kwa nyumba, wakiuliza kama kuna mtu amenunua mbao karibuni. Wengine wanawacheka, wanasema fundi anatafuta mali yake iliyoibwa. Wamezipata kumi na moja. Nne zilikuwa benchi nje ya kinyozi, sita zilikuwa banda la kuku, kuku wenyewe wote wameshakufa, na moja ilikuwa rafu ya muuza maandazi.

Nane hazijapatikana. Wiki iliyopita, mtaa wa saba, mwanamke kijana mwenye tumbo kubwa aliwafungulia mlango. Hapana, alisema, wao hawajanunua mbao. Hakuna kitu kipya humu ndani. Kisha akacheka na kujigonga paji la uso.

"Jamani, nimesahau! Labda kitanda cha mtoto. Lakini hicho kakitengeneza mjomba wake kwa mkono wake mwenyewe, mbao alipewa tu na mtu."

Wifi alimshika Pasi mkono.

"Tunaomba tukione, mama," Pasi alisema, akavua viatu akaingia.