Nta ya Masikio ya Methusela

Jumatatu moja, mwaka ambao reli ya Wajerumani ilikuwa inaikaribia Dodoma, Loisi alimwita mumewe mara tatu aje anywe uji wa uwele. Methusela alikuwa amempa mgongo, anachonga mpini wa sururu, wala hakugeuka. Mara ya nne Loisi alimwekea bakuli miguuni kwa kishindo. Methusela akatazama bakuli, akamtazama mkewe, akauliza kwa upole mbona hakuambiwa kwamba uji umeiva.

Siku tatu nzima Loisi alikuwa akijiambia kwamba mume wake ameanza kiburi.

Tangu mavuno yaishe walikuwa wakiishi kwenye kambi ya reli. Kazi ya Methusela ilikuwa kutoboa mashimo kwenye mwamba na kuyashindilia baruti. Mnyapara wao, Halfani, mtu wa Kondoa, alipuliza filimbi, wafanyakazi wakakimbia hatua hamsini, mwamba ukapasuka. Bwana Mjerumani aliyesimamia kazi hiyo alikaa hatua mia tatu, na pamba masikioni.

Jioni Methusela alikiri kwamba tangu Ijumaa masikio yake yanavuma na alikuwa akiogopa kusema. Loisi akalaza sikio lake juu ya sikio la mumewe, naye akausikia mvumo. Baba yake alikuwa mrina asali huko Mvumi, kwa hiyo hakuhitaji kufikiri sana. Alisubiri kidogo. Nyuki mdogo mweusi akatokeza kwenye tundu la sikio, miguu ikiwa na chavua, akaangalia hali ya hewa, akarudi ndani.

"Ni nyuki, Baba Raheli," alisema, akiwa amemwelekea ili aone midomo yake. "Wale wasiouma."

"Basi afadhali," alisema Methusela. "Nilidhani naingiwa na wazimu."

Usiku huo alilala vizuri. Loisi ndiye aliyekaa macho, akiona haya kwa maneno yote aliyokuwa amemnung'unikia mtu asiyemsikia.

Asubuhi alibadilisha desturi za nyumba. Anayetaka kusema na Methusela amguse bega kwanza, kisha asimame mahali ambapo uso wake unapata mwanga. Asipige kelele, maana anayepiga kelele hupindisha mdomo na maneno hayasomeki. Watu wawili wasiseme kwa pamoja. Mambo ya kila siku, kama maji, chumvi, njoo, ngoja na nakupenda, yatasemwa kwa mikono. Raheli, binti yao wa miaka minne, alijifunza yote kwa siku mbili na akaongeza ishara ya mbuzi, ambayo hakuna aliyekuwa ameiomba.

Kila Jumapili baada ya sala, Methusela aliinamisha kichwa juu ya bakuli. Sikio la kulia, lililokuwa likielekea mwamba, lilitoa asali zaidi. La kushoto lilitoa nta. Majirani walikuja na viporo vya ugali wakachovya.

Ubaya ulitokea kazini. Halfani alimwita Methusela mara mbili mbele ya watu, asiitikie, naye akamshtaki kwa ukaidi. Adhabu ya ukaidi ilijulikana: hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na tano vya ngozi ya kiboko halisi. Loisi aliposikia alifunga kanga vizuri, akamshika mumewe mkono, wakaenda hadi kwenye hema la Bwana.

"Shikamoo, Bwana Mkubwa," alisema. Kisha akamgeukia Halfani. "Mnyapara, tafadhali, weka sikio lako hapa."

Halfani akaliweka. Akakaa hivyo muda mrefu, akainuka na kusema kwa Kijerumani neno moja. Bwana akachungulia kwa darubini ya kupimia reli, akaonja asali kwa ncha ya kalamu, akaandika. Halfani akatafsiri: viboko vimefutwa. Asali ni ya mwenye sikio. Nta ni ya wenye reli, kwa sababu baruti iliyowaleta nyuki ni yao.

"Mwambie tunaomba na pamba," alisema Loisi. "Kama ile yake."

Halfani aliuliza, akajibiwa, akatazama chini kabla ya kusema.

"Bwana anauliza, mkiziba kwa pamba, nyuki watapita wapi?"

Kabla mwezi haujaisha, wanaume kumi na mmoja wengine walikuwa na nyuki, na wa kumi na mbili alikuwa Halfani, sikio la kushoto. Alikuja kwa Loisi jioni, akavua kofia, akaomba kufundishwa kusema kwa mikono. Loisi alimfundisha, ingawa alianza na ishara ya kuomba radhi na akamfanya airudie mpaka ikanyooka. Kesho yake Halfani aliacha filimbi akaanza kupeperusha kitambaa chekundu, ili asibaki mtu nyuma.

Kambi ikachangamka. Watu walimsengenya Bwana kwa mikono mbele ya macho yake, naye aliwasifu kwa ukimya wao. Siku ya harusi ya Anyesi, binti wa mpishi, wanawake walipiga ngoma za muheme, na wanaume wakavua viatu ili wazisikie kwa nyayo. Methusela alicheza kuliko bwana harusi. Nyuki walitoka masikioni kama nyuzi mbili, wakazunguka kichwa chake kwa mapigo yaleyale, wakarudi ngoma ilipokoma.

Reli ikafika. Siku ya gari moshi la kwanza Dodoma nzima ilikuwa kando ya njia, na lilipolia watu walishika vichwa. Methusela alimwuliza mkewe kwa mikono linaliaje. Loisi akamjibu: kama punda aliyekosa maji. Methusela akacheka mpaka machozi.

Mabehewa ya nyuma yalikuwa yamebeba masanduku ya baruti na vijana arobaini, wanapelekwa kwenye miamba ya magharibi ambako reli ilikuwa ikielekea. Walikuwa wakiimba, na waliimba vizuri. Methusela akasogea karibu, akainua mikono na kuziba masikio yake kwa vidole, mara moja, mara mbili, akiwaelekeza. Vijana wakadhani ndivyo watu wa Dodoma wanavyoaga wasafiri. Wote arobaini wakaziba masikio yao kwa heshima, wakaondoa vidole, wakaendelea kuimba.