Nilipopatana Bei na Jaji

Kesi yangu na kampuni ya malori ilichukua miaka minane. Minane! Walikawiza samaki wangu wakavu njiani mpaka wakalowa mvua wakaoza, halafu wakanicheka. Mimi Seline wa Kombewa sichekwi. Nikaweka nyumba yangu ya Otonglo rehani kwa Ephantus, muuza mbao, akaifanya ghala lake, nikamlipa wakili, nikahamia chumba kimoja Obunga na binti yangu Milka, akiwa bado mgongoni.

Mwaka wa 1976 nikashinda. Fidia yote ikaenda kwa akina mama walionikopesha wale samaki. Zikabaki gharama za kesi tu, ambazo kampuni ilipaswa kunirudishia, na Ephantus alishasema wazi: elfu kumi kabla ya mwisho wa mwezi, la sivyo nyumba anauza.

Wakili wangu, Bwana Wahome, alinieleza polepole kwa sababu ananijua. Njia ya kawaida ni kupeleka orodha ya kila barua na kila safari, ikaguliwe mstari kwa mstari. "Hiyo ni mwaka mwingine, Mama." Lakini jaji akikubali, anaweza kukata kiasi kimoja kwa mkupuo, siku hiyo hiyo. "Wewe kaa tu, unyamaze," akaniambia.

Wakili wa kampuni alipinga mpaka akakauka koo. Akasema hata ikiwa ni kwa mkupuo, elfu tano zinatosha. Wahome akaomba kumi na tatu. Jaji akapekua faili, akasema jambo kwa Kiingereza. Absalom, mkalimani, akanigeukia: "Elfu nane."

Jamani, mimi nimeuza samaki tangu usichana. Sokoni bei ya kwanza ni salamu tu. Kabla sijajijua nimeshasimama. "Aa-a, Baba, hiyo hapana! Ongeza kidogo!"

Korti nzima ikaangua kicheko. Wahome akafunika uso. Wakili wa kampuni akapiga kelele kwamba nimeidharau mahakama. Yawa, nyumba yangu nimeipoteza kwa mdomo wangu mwenyewe!

Jaji hakucheka. Alivua miwani, akaniuliza kwa Kiswahili, "Kwa nini niongeze, Mama?"

Nilitaka kumweleza habari ya Ephantus, lakini hasira ikatangulia. "Nimekuja hapa mara thelathini na moja, Baba. Mara kumi na moja nikarudishwa kwa sababu huyu bwana wa kampuni hakutokea. Wakili wangu nimemlipa, mashahidi nimewalipia nauli, na yeye amelala kwake!"

"Una hakika ni kumi na moja?"

"Mtu akikuharibia siku ya soko mara kumi na moja, utasahau?"

Akarudi kwenye faili. Alifuata kwa kidole, ukurasa baada ya ukurasa.

"Ni kumi na mbili," akasema. "Moja umeisahau. Bado sijaandika amri yangu. Basi, elfu kumi na moja, zilipwe kwa siku saba. Na hapa, Mama, hatupatani bei tena."

"Sawa, Baba. Hiyo nimechukua."

Jumamosi iliyofuata malipo, Ephantus aliondoa mbao zake, nasi tukaingia. Milka alizunguka vyumba vyote viwili akigusa kuta. Jua lilipoanza kushuka akavaa viatu, akanivuta mkono.

"Mama, twende nyumbani, giza linaingia."

"Nyathina, mwanangu," nikamwambia, "nyumbani ndipo hapa."

Akavua viatu. Mimi ndiye niliyelia.