Spea za Dada Meno

Kazi yake ilikuwa kutengeneza meno ya bandia katika chumba kidogo nyuma ya kliniki ya meno, na ndiyo sababu watu wote, hata mama yake mzazi, walimwita Dada Meno. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu, hakuolewa, hakuwa na mtoto, na kwa miaka sita alikuwa akiweka akiba ya gari. Hakutaka gari la kutamba nalo. Alitaka kigari cha milango mitano, kimpeleke kazini na kimpeleke mama yake kwa daktari wa macho, basi.

Aliyemtafutia alikuwa shemeji yake, mume wa mdogo wake wa pekee. Alikuwa fundi magari, mtaa mzima ulimjua kwa jina la Spana. Walizunguka pamoja Jumamosi tatu. Gari la kwanza Spana alilikataa kabla hata halijawashwa. "Limelala kwenye maji hili," alisema. "Hebu nusa chini ya zulia." La pili alilikataa kwa sababu boneti na milango havikuwa na weupe mmoja. La tatu lilikuwa la mwalimu mstaafu ambaye alilifunika shuka kama mgonjwa. Spana alilala chini yake nusu saa nzima, akatoka na grisi kwenye paji la uso, anacheka.

"Shemeji, lipa leo. Ukichelewa nalipa mimi."

Akalipa. Watoto watatu wa mdogo wake wakaliita Kidonge, kwa vile lilikuwa jeupe na la mviringo. Mwaka wa kwanza Kidonge hakikumsumbua hata siku moja. Asubuhi alikuwa akigeuza ufunguo mara moja tu. Jumapili alikuwa akiwapakia mama, mdogo wake na watoto wote, magoti yakigusana, na mdogo wake alipenda kukaa mbele, akipapasa dashibodi.

"Dada, na mimi nitakuwa na langu kama hili. Utaona."

"Inshallah, mdogo wangu. Tutaongozana."

Alisema hivyo kwa moyo mweupe.

Siku moja mkokoteni ulikigonga Kidonge nyuma, sokoni. Taa ya nyuma haikuvunjika, ila kishikizo chake cha plastiki kilikatika vipande viwili. Dada Meno hakuona haja ya kununua taa nyingine. Aliipeleka kazini, akachanganya ile dawa ya rangi ya ufizi anayotengenezea meno, akakiunga kishikizo, akakisugua mpaka kikawa laini, ila alama ya kidole gumba chake ikabaki upande mmoja. Spana alipoiona alicheka mpaka akakaa chini. "Shemeji! Gari limeota ufizi! Kesho litaomba nyama!"

Miezi michache baadaye Spana alinunua mzoga wa gari la aina ileile, jekundu, lililokuwa limegongwa vibaya ubavuni. Aliliegesha nyuma ya gereji yake, akalifunika turubai. "La mke wangu hilo," aliwaambia watu. "Polepole litasimama." Walimtania, lakini Dada Meno alimtetea. Alimwambia mdogo wake kuwa wanaume wanaohangaika hivyo kwa ajili ya wake zao ni wa kuhesabu.

Ndipo Kidonge kikaanza kuumwa.

Kilianza na betri. Ikaja stata. Gari lilipelekwa kwa Spana, likalala siku mbili, likarudi likiwa limepona ugonjwa mmoja na kubeba mwingine. Gia ya tatu ikawa inagoma. Rejeta ikavuja. Ile taa iliyoungwa nayo, Spana alisema imeingia maji, akaweka nyingine. Kila mara hakutaka hela ya ufundi. "Wewe ni dada yetu. Lete pesa ya spea tu, mikono ni ya nyumbani." Kazini Dada Meno alimsifu mbele ya daktari na wauguzi: kwenye dunia hii ya mafundi wezi, yeye Mungu amempa fundi ndani ya familia.

Siku gari jekundu lilipowaka, majirani walipiga vigelegele. Lilikuwa limenyooshwa, limepigwa rangi, linang'aa kama tofaa. Dada Meno alileta zawadi ya vitambaa vya viti alivyoshona mwenyewe. Mdogo wake alimkumbatia, akalia, akazunguka mtaa mara mbili akipiga honi. Kidonge kilikuwa kimeegeshwa pembeni, kikikohoa.

"Dada, lako lina kifua hilo," mdogo wake alisema akicheka. "Lipeleke likapigwe picha."

Dada Meno naye akacheka.

Wiki tatu baadaye, Jumapili mchana, mama alikuwa anapelekewa godoro jipya, na gari jekundu ndilo lililolibeba. Dada Meno alifungua buti kulivuta. Godoro lilikuwa limebanwa kwa nguvu, na lilipotoka lilitoka na kile kifuniko cha pembeni kinachoficha taa. Akainama akirudishe. Hapo ndani, nyuma ya taa, akaona kiungo cha rangi ya ufizi, laini, chenye alama ya kidole gumba chake.

Alirudisha kifuniko, akabeba godoro, akaingia ndani, akanywa maji. Mdogo wake alimuuliza mbona uso umembadilika. Akasema ni jua.

Kesho yake aliomba ruhusa kazini, akakipeleka Kidonge upande wa pili wa mji kwa fundi asiyemjua. Alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, ambaye hakuuliza maswali mengi. Alikinyanyua Kidonge kwa jeki, akaingia chini na tochi, akakaa huko muda mrefu. Alipotoka alijifuta mikono kwanza.

"Mama, hili gari umelinunua likiwa hivi?"

"Hapana. Lilikuwa zima."

"Basi njoo uone." Akamwonyesha. Giaboksi, stata, rejeta, shokomzoba zote nne. Kwenye mikunjo ya vyuma, palipokosa kufutwa, kulikuwa na vumbi la rangi nyekundu, na chuma kimoja kilikuwa kimepinda kisha kikanyooshwa kwa nyundo. "Hivi vimetoka kwenye gari jekundu lililopata ajali. Vyako vizima vimeondolewa. Aliyefanya hivi hakuwa na haraka. Amekula mpaka mifupa."

Dada Meno alikaa kwenye tairi kuukuu. Alikumbuka pesa za spea alizotoa, moja baada ya nyingine, lakini hizo hazikumuuma sana. Kilichomchoma ni zile sifa alizokuwa akizimwaga kazini.

Jioni alikwenda kwa mdogo wake. Mama alikuwepo, na Spana ndiyo kwanza alikuwa ametoka kuoga. Dada Meno hakukaa.

"Shemeji, taa yangu ya nyuma iko wapi?"

Spana aliangalia ndala zake.

"Muulize vizuri," alisema mdogo wake. "Usimjie kama polisi nyumbani kwake."

"Wewe ulijua?"

"Dada, wewe uko peke yako. Unakwenda kazini, unarudi, unalala. Mimi nina watoto watatu, shule mbali, mvua ikinyesha nawabeba mgongoni. Gari bovu kwako ni usumbufu tu, kwangu ni maisha. Na hukulala njaa hata siku moja!"

"Ungeniomba."

"Ungenipa giaboksi?"

"Ningekupa gari."

Pengine mdogo wake hakumwamini, na Dada Meno mwenyewe hakuwa na hakika, lakini wakati ule alidhani ni kweli. Akamgeukia mama yake ili apate mtu wa upande wake. Mama alikuwa akikunja na kukunjua ncha ya kanga.

"Mama?"

"Waliniambia watakurudishia," mama alisema. "Mambo yao yakitulia. Nikaona nikikwambia nitawagombanisha, na nyie mko wawili tu."

Mama ambaye kila mwezi alikaa kwenye kiti cha mbele cha Kidonge akienda kutibiwa macho, akisikia gia ikigoma, akimpa pole. Dada Meno alishika ukingo wa mlango. Alitamani kupiga kelele, lakini sauti iliyotoka ilikuwa ya kawaida kabisa.

"Vitu vyangu virudi. Vyote. Kwa mama fundi aliyelikagua, upande wa pili wa mji, na yeye akisimamia."

Spana hakubisha. Pengine aliogopa gereji yake kupata jina baya. Siku mbili alifungua na kufunga mbele ya yule mwanamke mwenye miwani, ambaye alikaa kwenye kigoda akila karanga na kumwambia, "Hiyo nati umesahau, kijana." Kidonge kikawaka kwa ufunguo mmoja. Gari jekundu lilirudi nyuma ya gereji likiwa limepandishwa juu ya matofali.

Dada Meno alidhani hapo ndipo aibu ingehamia kwa wenyewe. Haikuhama. Shangazi alimpigia simu kumuuliza kwa nini amemvunjia mdogo wake gari. Binamu mmoja alisema mtu asiye na mtoto huwa na roho ngumu. Hakuna aliyetaja taa. Mdogo wake aliwaambia watu kuwa dada yake amewashusha watoto barabarani, na watu walimpa pole.

Jumapili iliyofuata alimpelekea dawa za macho mama yake, aliyekaa ua mmoja na mdogo wake. Watoto walikuwa uani. Walipokiona Kidonge walipiga mayowe, "Mama Mkubwa! Mama Mkubwa!" wakakimbilia mlango wa nyuma kama walivyozoea, yule mdogo akiwa ameshavua ndala ili asichafue kiti.

Mdogo wake alitokea mlangoni. "Ingieni ndani," aliwaambia, bila ukali.

Wakasimama. Wakamtazama mama yao, wakamtazama yeye, wakaingia mmoja mmoja. Mdogo wake aliwafuata na kushusha pazia.

Dada Meno alibaki ameshika usukani. Injini ilikuwa inaunguruma vizuri, haina hata mtikisiko. Aliizima, akachukua mfuko wa dawa, akaenda kumbishia hodi mama yake.