Tarehe Kumi na Tano za Mwalimu

Mwalimu mstaafu alikuwa na namba yake, kama wenzake wa rika lile walivyokuwa na shamba au presha. Ilikuwa na tarakimu mia na ishirini, na hakuiokota popote. Aliiunda mwenyewe kwa kupanga tarehe za kuzaliwa za wanafunzi kumi na watano wa darasa lake la kwanza, siku, mwezi na mwaka, bila nafasi wala kituo, akaibandika ukutani juu ya meza. Kisha akajiuliza inagawanyika kwa ngapi. Kwa miaka thelathini, kila alipopata upenyo, aliijaribu kwa namba tasa moja baada ya nyingine, kwa penseli, kwenye madaftari ya miraba, na namba ikagoma. Mkewe, Mungu amrehemu, alikuwa akiwaambia mashoga zake kwamba ana mke mwenza mwembamba anayekaa ukutani.

Binti yake, mtunza kompyuta wa ofisi ya ramani, ndiye aliyeipeleka kazini. Kulikuwa na mashine moja kuukuu iliyosubiri kutupwa, na bosi wake hakuwa na neno mradi isiguse kazi za ofisi. Alipakua programu ya bure inayotafuta vigawo vya namba kubwa, akaiandika namba ile kwa mkono, mbili mbili, macho kwenye karatasi aliyoinakilia kutoka ukutani. Kisha akaihakiki kwa njia ya kwao. Watoto wa Mwalimu walifundishwa, kabla hawajajua hata kufunga kamba za viatu, kwamba ukinakili namba ndefu, jumlisha tarakimu zake zote. Jumla zikilingana, umenakili vizuri. Zililingana. Programu ikamjibu papo hapo kwamba namba inagawanyika, lakini kwa ngapi, hilo lingechukua kama wiki tano.

Wiki hizo tano hazikuwa nzuri nyumbani. Mwalimu aliunguza sufuria mara mbili. Funguo za mlango zilipatikana kwenye kopo la sukari. Kaka yake yule binti, mwenye karakana ya magari mji wa pili na mtu asiyemung'unya maneno, alisema mzee hawezi tena kukaa peke yake, chumba kiko tayari kwake, basi. Binti alisitasita. Mwalimu alisikiliza yote, akatoa shauri lake mwenyewe.

"Mashine ikitoa vigawo, nitavizidisha kwa mkono wangu. Nikiipata namba yangu, mniache nyumbani kwangu. Nikiikosa, sanduku nitalifunga mwenyewe."

Watoto wakakubali. Labda walikubali upesi mno, maana kumpima mzazi kwa hesabu ni rahisi kuliko kukaa naye kitako.

Mashine ilitoa jibu siku ya Jumatatu: vigawo viwili, kimoja cha tarakimu hamsini na nane, kingine cha sitini na mbili. Binti aliviandika kwa tarakimu kubwa, akampelekea. Mwalimu akafunga redio na kuinama mezani siku tatu nzima, safu chini ya safu, akibeba na kujumlisha. Alhamisi mchana binti alimkuta ameshika penseli bila kuandika.

"Zimekaa mia na kumi na nane," alisema Mwalimu. "Mbili hazikai."

"Wapi?"

"Kwa huyu mwanafunzi wa kumi na moja. Amebadilika siku ya kuzaliwa."

Binti alikuwa amejiandaa kwa kosa la kubeba au la kuruka safu, hakujiandaa kwa maneno kama yale.

"Baba, mtu habadiliki siku ya kuzaliwa."

"Ndicho ninachokwambia."

"Mashine imevizidisha yenyewe, imerudi kwenye namba ile ile. Haikosei kuzidisha."

Mwalimu alitazama ukuta, akatazama daftari. "Basi nimekosea mimi," alisema polepole.

Binti alipiga picha ukurasa ule kwa simu, apate kuona mzee aliteleza wapi amwonyeshe kwa upole. Nje, kabla hajafika barabarani, alimpigia kaka yake.

"Kakosea?"

"Kakosea."

"Nyingi?"

"Tarakimu mbili."

"Katika mia na ishirini?" aliuliza kaka. "Haya. Ahadi aliitoa mwenyewe. Jumamosi nakuja na gari."

Ijumaa asubuhi, kazini, binti aliiweka picha kando ya kioo cha kompyuta, akaanza kulinganisha kwa ncha ya kidole jibu la baba yake na namba iliyokuwa ndani ya mashine. Alifika mwisho bila kupata tofauti. Akarudia kutoka mwisho kuja mwanzo. Hakuna. Mzee alikuwa amezidisha bila kukosea hata mahali pamoja.

Kama jibu la mzee lilikuwa sawa na namba ya mashine, na halikuwa sawa na namba ya ukutani, basi aliyekosea ni yule aliyeitoa namba ukutani na kuiingiza kwenye mashine. Siku ya kuzaliwa ya yule mwanafunzi wa kumi na moja mashine iliisoma kumi na mbili. Ukutani ni ishirini na moja. Vidole vyake vilitanguliza moja. Na jumla haikumshtaki, kwa sababu mbili na moja ni tatu vyovyote utakavyozipanga. Kwa wiki tano mashine ilikuwa imehangaika na namba isiyo ya mtu yeyote.

Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Wazo la kunyamaza lilimjia, tusimsingizie utakatifu. Lilikaa dakika nzima. Kisha akaomba ruhusa kwa bosi, akaenda.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Nimelipata kosa."

Alimsogezea daftari. Zile tarakimu mbili zilikuwa zimefutwa kwa nguvu hadi karatasi imekaribia kutoboka, na mahali pake pameandikwa mbili na moja.

"Nilibeba vibaya," alisema. "Sasa zinakaa zote." Hakumtazama usoni.

Huyu alikuwa mtu aliyewahi kurudisha kazi za darasa zima kwa sababu mmoja wao alichukua jibu nyuma ya kitabu. Binti alikaa chini, akamweleza yote bila kuzunguka: vidole, jumla, namba isiyo yake.

"Kwa hiyo ilikuwa kumi na mbili," alisema Mwalimu.

"Ulipatia zote, Baba. Zote mia na ishirini."

Alidhani mzee atacheka, au atamgombeza. Mwalimu aliufunika ukurasa kwa kiganja.

"Safu ile niliirudia mara sita. Sikuona kosa. Nikafuta hivyo hivyo."

"Kwa nini?"

"Mlishaamua, wewe na kaka yako. Nikaona afadhali niwe mwongo nyumbani kwangu kuliko mkweli kwenye chumba cha kupewa."

Binti alilia, na hakujificha. Kisha akapiga simu mbele ya baba yake.

"Usije na gari kesho."

"Kwani kapatia?" aliuliza kaka.

"Alipatia tangu jana. Mimi ndiye niliyekosea, halafu tukamtia woga mpaka akajikosesha."

"Na masufuria?"

"Masufuria tutazungumza naye. Njoo tuzungumze. Mtihani basi."

Alipokata simu, Mwalimu alikuwa ameshika kifutio. Alifuta kwa uangalifu, akarudisha moja na mbili mahali pake. Kisha akatoa kalamu nyekundu kwenye droo na kuweka alama ya kosa pembeni, kubwa, kama alivyozoea.

"Mbona unajikosesha tena? Si ulipatia?"

"Hesabu nilipatia," alisema Mwalimu.

Binti aliitazama ile alama. Akaomba kalamu, akaweka yake chini ya ile, na Mwalimu akasogeza kiti kumpisha mezani, waanze kuinakili upya namba ya ukutani, tarakimu moja moja.